Nani Awafundishe Vijana Kutengeneza Nyumba?

Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo limetutia mabishano parokiani kwetu tangu mwaka huu uanze. Jambo lenyewe ni hili: mtu anayefundisha wengine kutengeneza nyumba kwa ndani, yaani viti na meza, mapazia, rangi za ukuta, taa, na kila chombo kukaa mahali pake, yeye mwenyewe sharti awe ametoka wapi? Awe amefanya kazi gani kabla ya kushika chaki?

Nasema “kutengeneza nyumba kwa ndani” kwa sababu nikisema “kupanga nyumba” mtadhani nazungumza habari za kodi. Mjini kazi hiyo huitwa usanifu wa ndani, na Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, hutoa hata shahada yake. Kwa hiyo si mchezo wa watu wasio na kazi.

Mimi ni karani wa parokia. Naandika vyeti vya ubatizo na vya ndoa, natunza daftari la zaka, na mikutano ya halmashauri ya walei naiandikia kumbukumbu. Kabla ya hapo nilisoma chuo cha ualimu miaka miwili, nikapata cheti, nikangoja ajira kama wenzangu wengi walivyongoja. Basi neno hili la “nani anafaa kufundisha” halipiti masikioni mwangu kama upepo.

Hali ilikuwa hivi. Halmashauri iliona vijana waliomaliza kidato cha nne wanashinda barazani bila kazi, ikaamua kuwafungulia darasa katika ghala la zamani lililo nyuma ya nyumba ya mapadre. Wafundishwe useremala mwepesi, kushona mapazia na foronya, kupaka rangi, na namna ya kukitumia chumba kidogo watu wanane wakae bila kugongana magoti. Waliojitokeza kufundisha walikuwa watatu. Wa kwanza ni binti mwenye stashahada kutoka mjini, ambaye anajua kuchora ramani ya chumba kwa vipimo. Wa pili ni mzee seremala aliyeishia darasa la nne. Ndiye aliyetengeneza mabenchi ya kanisa letu, na hakuna hata moja linalolia mtu akipiga magoti. Wa tatu ni mama mshonaji, ambaye cherehani yake imesomesha watoto watano.

Mkutanoni baba mmoja alisimama, akasema, “Mimi sikuuza mbuzi ili mwanangu akafundishwe na mtu aliyenitengenezea kitanda.” Watu wakacheka. Mzee seremala hakucheka. Alikuwa ameketi nyuma, juu ya benchi alilolichonga mwenyewe.

Kilichonishika mimi kilikuwa karibu zaidi. Dada yangu mkubwa ana binti wa miaka 18. Alikuwa amekwisha kuweka fedha za maharage katika kopo kwa ajili ya ada ya darasa hilo. Usiku ule aliniambia, “Ndugu yangu, darasa hili likifa, mwanangu atakwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani kwa watu tusiowajua. Nimekwisha kuombwa mara mbili.” Nikatambua kwamba maneno ya mkutanoni yana uzito kuliko yalivyosikika.

Sasa, padre mmoja mzee, ambaye amekwisha kufariki, alituachia vitabu vingi katika kabati la ofisi. Humo nimesoma habari za shule moja ya Ujerumani iliyoitwa Bauhaus. Ilifunguliwa katika mji wa Weimar mwaka 1919, ikahamia Dessau mwaka 1925, ikamalizikia Berlin mwaka 1933, wakati serikali ya Hitler ilipoibana mpaka walimu wenyewe wakaamua kuifunga. Ni miaka 14 tu. Lakini meza, taa na viti vilivyobuniwa pale huigwa mpaka leo duniani kote. Ukienda ofisi yoyote ukakalishwa juu ya kiti cha bomba la chuma lililopindwa, ujue babu wa kiti hicho alizaliwa huko.

Mwanzilishi wake, Bwana Walter Gropius, alikuwa msanifu wa majengo. Alipanga shule katika karakana: ya mbao, ya chuma, ya ufumaji, ya vioo, ya rangi za ukuta, na kadhalika. Lakini akapata shida ile ile tuliyoipata sisi. Wenye macho ya kubuni hawakujua kushika randa, na wenye kushika randa hawakuzoea kubuni. Basi akaweka walimu wawili katika kila karakana, msanii mmoja na fundi mmoja, wafundishe pamoja.

Mpango mzuri, nanyi mtasema umekwisha. Haukuisha. Wale mafundi hawakupewa sauti sawa na wasanii katika baraza la walimu, na jambo hilo lilileta manung’uniko. Ukarani umenizoeza kutazama nani ana kura na nani ameitwa tu kusikiliza, kwa hiyo habari hiyo niliisoma mara mbili.

Mambo yalibadilika shule ilipohamia Dessau. Kufikia wakati huo walikuwapo vijana waliosomea palepale na kujua yote mawili, kuchora na kutengeneza. Karakana kadhaa zikakabidhiwa kwa hao. Mmoja wao ndiye hasa niliyetaka kuwasimulia.

Aliitwa Josef Albers. Alizaliwa Bottrop, mji wa machimbo ya makaa ya mawe, tarehe 19 Machi 1888, na kila msomaji wa gazeti hili anajua tarehe hiyo ni sikukuu ya nani. Familia yake ilikuwa ya Wakatoliki. Baba yake alikuwa fundi wa kupaka nyumba rangi, tena mtu wa kazi nyingi za mikono, na mtoto alijifunza kwa kumfuata kazini. Kisha alisoma chuo cha ualimu huko Büren, akapata cheti mwaka 1908, akawa mwalimu wa shule ya msingi. Naam, mwalimu wa watoto wadogo, wa kusoma na kuandika. Baadaye alikwenda Berlin akasomea ualimu wa kuchora, akarudi kwao kufundisha. Katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza alilitengenezea kanisa la Mtakatifu Mikaeli la Bottrop dirisha la vioo vya rangi, likaitwa Rosa Mystica, jina mojawapo la Mama Maria katika litania.

Mwaka 1920 alijiunga na Bauhaus kama mwanafunzi. Alikuwa na miaka 32. Fikirini, mtu mzima, mwalimu mwenye cheti, anakaa tena benchi moja na vijana ambao angeweza kuwa amewafundisha alifabeti. Hakuwa na fedha za kununua vioo vya kazi. Basi alibeba mfuko mgongoni na nyundo mkononi, akaenda jalalani Weimar, akaokota chupa zilizovunjika, akazipasua na kuziunganisha kuwa picha za mwanga. Wakubwa wa shule walikuwa wamemtaka ajifunze kwanza rangi za ukuta. Walipoona vile vigae vya chupa waliacha kumsumbua, na baadaye wakamkabidhi karakana ya vioo aianzishe upya.

Mwaka 1923 Gropius akamtaka awafundishe wanafunzi wapya. Hapo ule ualimu wa shule ya msingi ukaonekana faida yake. Mwanafunzi wake mmoja alisimulia baadaye somo lake la kwanza lilivyokuwa. Mwalimu aliingia na bunda la magazeti, akagawa, akawaambia watengeneze kitu kwa karatasi hizo, wakiiheshimu karatasi kwa jinsi ilivyo, na ikiwezekana wasitumie mkasi, kisu wala gundi. Akaondoka. Aliporudi baada ya saa kadhaa, alikuta ndege, ngome, vinyago, kila aina ya mapambo. Akawaambia kwamba vitu hivyo vingefaa zaidi kutengenezwa kwa chuma au kwa jiwe. Kisha akachukua kazi ya kijana mmoja ambaye alikuwa ameikunja tu karatasi mara moja kwa urefu, ikasimama yenyewe juu ya meza kama kiambaza. Hiyo ndiyo aliyoisifu. Karatasi ambayo siku zote hulala, sasa inasimama, na pande zake zote mbili zinaonekana.

Jaribuni na gazeti hili mkiisha kulisoma. Mimi nilijaribu ofisini. Likasimama.

Albers aliendelea. Kwa muda aliongoza karakana ya samani pale Dessau, akabuni meza ndogo nne zinazoingiana moja chini ya nyingine, zisizokula nafasi. Wenye chumba kimoja na wageni kumi mtaelewa thamani yake. Shule ilipofungwa mwaka 1933, alikwenda Marekani pamoja na mke wake Anni, mfumaji, akafundisha katika chuo cha Black Mountain mpaka mwaka 1949, kisha Chuo Kikuu cha Yale, ambako aliongoza idara ya usanifu kuanzia mwaka 1950 hadi 1958. Alifariki mwaka 1976.

Wenzake nitawapitia haraka. Bwana Marcel Breuer, wa Hungaria, alifika Bauhaus mwaka 1920 akiwa kijana wa miaka 18, akajifunza useremala. Mwaka 1925 alinunua baiskeli. Akitazama usukani wake, bomba la chuma lililopindwa bila kuvunjika, akajiuliza kwa nini kiti kisitengenezwe hivyo. Kikatengenezwa. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa karakana ya samani kabla ya Albers kuishika. Baadaye akawa msanifu mkubwa wa majengo, na kanisa la abasia ya Wabenedikto ya Saint John’s huko Collegeville, Marekani, lililomalizika mwaka 1961, ni kazi yake.

Bibi Gunta Stölzl alikuwa muuguzi wa Msalaba Mwekundu wakati wa vita. Aliingia shuleni mwaka 1919, naye kama wanawake wengi wa pale akaelekezwa kwenye ufumaji. Msanii aliyewekwa juu ya karakana hiyo alikuwa mchoraji wa picha, si mfumaji. Basi Bibi Stölzl na mwenzake wakafunga safari mpaka mji wa Krefeld kujifunza kutia nyuzi rangi, wakarudi kuwafundisha wengine. Mwaka 1927 karakana ikawa chini yake.

Bibi Lilly Reich yeye alianza na kutarizi kwa mashine. Kutoka nguo akaingia kwenye kupanga madirisha ya maduka na maonyesho makubwa, na mwaka 1932 akaitwa Bauhaus kuongoza mafunzo ya kutengeneza nyumba kwa ndani pamoja na ufumaji. Aliyemwita, mkuu wa mwisho wa shule hiyo, Bwana Ludwig Mies van der Rohe, alikuwa mtoto wa mwashi wa mawe, na shahada ya usanifu hakuwa nayo.

Tena msidhani ni Bauhaus peke yake. Kule Denmark, Bwana Kaare Klint, aliyeanza kama mchoraji wa picha, alipewa mwaka 1924 kufundisha samani katika Chuo cha Sanaa cha Copenhagen. Kabla ya kuchora kabati, alipima kwanza sahani na vyombo vitakavyoingia humo. Na huko Marekani, Bibi Ellen Swallow Richards alikuwa mkemia, aliyehitimu mwaka 1873 katika chuo kikubwa cha ufundi cha Massachusetts, akapima maji ya kunywa na kuchunguza hewa ya ndani ya nyumba. Mwaka 1909 ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa chama cha sayansi kimu cha Marekani, na katika vyuo vingi vya kule masomo ya usanifu wa ndani yalichipuka kutoka idara za sayansi kimu. Akina mama mliosoma sayansi kimu shuleni, somo lenu lina mzazi mwenye darubini.

Basi nikawahesabu hao wote: mtoto wa mpaka rangi, seremala, muuguzi, mtarizi, mtoto wa mwashi, mchoraji, mkemia. Nikaenda nayo mkutanoni wa pili. Lakini kabla sijaenda nilitaka kujua jambo moja, kwa sababu kujua kazi na kujua kuifundisha ni vitu viwili, na mafundi hodari ambao hawawezi kueleza chochote tunawajua sote. Nilikwenda jioni kwenye banda la yule mzee.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba. Umekuja kuniandika au kunifuta?”

Nikamwuliza angeanzaje kuwafundisha vijana wasiowahi kushika randa. Hakujibu. Akafunga kipande cha mninga mezani, akanipa randa, akanionyesha kwa kidevu nianze. Nikapiga. Ubao ukachanika, ukatoa manyoya kama kuku mgonjwa. Nikapiga tena, ukachanika zaidi. Akaufungua, akaugeuza mbele nyuma, akaufunga tena, akaniambia, “Haya.” Safari hii randa ilipita laini, na maranda yakatoka marefu, yamejikunja.

“Umeona nini?”

Nikasema, “Ubao una upande wake wa kulala.”

“Nisingekuambia,” akasema, “ungesahau kesho.”

Mtu huyu hajawahi kusikia jina la Bottrop.

Asije mtu akafikiri nawadharau wenye vyeti. Mimi mwenyewe ninacho kimoja, na Albers alikuwa nacho. Yule binti wa stashahada anajua mambo ambayo mzee hayajui wala hataki kuyakisia: kuchora chumba kwenye karatasi kabla ya kununua hata msumari mmoja, kukadiria gharama, kujua mwanga wa asubuhi unaingilia wapi na kwa hiyo meza ya mtoto wa shule ikae upande gani. Mimi nadhani jambo hilo la meza na mwanga peke yake linastahili ada ya mwezi mzima. Nami nimeona nyumba nzuri za kijijini zenye makochi makubwa yaliyoziba dirisha pekee, watu wanawasha taa saa nane mchana. Hapo fundi alikuwapo, aliyekosekana ni mtu wa kufikiri chumba kizima. Nalo neno la mama mshonaji lisipuuzwe: ndiye pekee kati ya watatu aliyewahi kuishi kwa kuwauzia watu mapazia, na anajua mteja wa kijijini anakubali kulipa nini na anakataa nini.

Mkutano wa pili ulikuwa mrefu. Niliwasomea habari hizi, si zote, kwa kuwa watu walikuwa na njaa. Yule baba mwenye mbuzi akauliza kama hao Wajerumani walilipwa sawasawa, msanii na fundi. Swali zuri kuliko yote ya siku ile. Nikajibu kwamba habari za sauti katika baraza nimezisoma, na hazikuwa sawa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi sisi tusirudie hayo.” Na kutoka kwake ndiko hoja ilikotoka. Halmashauri ikakubali walimu wote watatu, posho moja, na kila mmoja awe na kiti na kura katika kamati ya darasa. Nimeiandika hivyo katika kumbukumbu, na Baba Paroko ameitia sahihi.

Kuhusu cheti cha mzee, nilimweleza kwamba VETA wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini, na anayefaulu hupewa cheti kinachotambulika. Wasomaji mlio na baba au kaka fundi wa namna hiyo, ulizeni katika chuo cha VETA kilicho karibu nanyi. Mzee amesema hana haja, ila kama watakuja, waje na rula yao. Mkewe amesema atakwenda, na kwa ninavyomjua mama yule, atakwenda. Mimi nimejitolea kukaa naye Jumamosi mbili kumwandikia mpango wa masomo, maana kuandika hapendi.

Darasa litaanza maharage yakiisha kuvunwa. Mpaka Jumapili iliyopita walikuwa wamejiandikisha vijana 17, wasichana 9 na wavulana 8, pamoja na mtoto wa yule baba mwenye mbuzi. Mzee ametoa sharti moja tu: kila mmoja aje na kigoda kutoka nyumbani kwao. Dada yangu amenituma nikaulize kama kiwe kizima au kilichovunjika. Mzee amesema kilichovunjika.